Kutoka Perga hadi Mirihi: Historia ya Mikato ya Koni

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo la hesabu lililowatoa jasho kwa vizazi. Umepewa mchemraba, tengeneza mwingine ambao ujazo wake ni mara mbili ya ule wa kwanza. Hadithi yao husimulia kwamba watu wa kisiwa cha Delos walipatwa na tauni, wakaenda kumwuliza mungu wao Apollo wafanye nini iwaondokee. Wakaambiwa waongeze maradufu madhabahu yake, iliyokuwa na umbo la mchemraba. Mafundi wakarefusha kila upande mara mbili, kumbe madhabahu imekuwa kubwa mara nane, na tauni ikabaki palepale.

Madhabahu huenda ni hadithi tu, lakini fumbo lilikuwa la kweli, na jitihada za kulifumbua ndizo zilizozaa mistari mitatu ambayo leo tunaitumia kufuatilia sayari, kurusha setilaiti na kunasa matangazo ya televisheni. Katika historia ya mistari hiyo, waliotunza wanastahili heshima sawa na waliogundua. Elimu hii ilikaa karibu miaka elfu mbili kabla haijapata kazi yake kubwa kuliko zote, na muda wote huo iliishi kwa sababu walikuwapo watu walioinakili, wakaitafsiri na kuisahihisha kwa kuipenda tu.

Menaechmus na koni tatu

Hatua ya kwanza ilipigwa na Hippocrates wa Chios katika karne ya 5 KK. Alionyesha kwamba fumbo la mchemraba wa upande 1 litafumbuka ukipata urefu wa namna mbili kati ya 1 na 2, kwa uwiano usiobadilika: 1 kwa wa kwanza iwe sawa na wa kwanza kwa wa pili, na iwe sawa na wa pili kwa 2. Huo wa kwanza ndio upande wa mchemraba unaotafutwa. Tatizo likawa namna ya kuupata kwa kuchora.

Karibu mwaka 350 KK likaja jibu la Menaechmus, mwanafunzi wa Eudoxus. Wazo lake tunaweza kulieleza hivi kwa lugha ya hesabu za leo. Uwiano wa Hippocrates una masharti ndani yake. Sharti moja linasema mraba wa x ni sawa na y. Jingine linasema mraba wa y ni sawa na x mara mbili. Kila sharti huchora mstari wake uliopinda. Ichore yote miwili pamoja, uone inapokatana baada ya kuachana pale kwenye sifuri: x hapo ni takriban 1.26, na mchemraba wa upande huo una ujazo wa 2. Menaechmus mwenyewe hakuwa na x wala y. Aliyafikiri yote kwa urefu na eneo. Na kwa kuwa mistari ya aina hiyo haichoreki kwa rula na bikari, aliipata kwingine kabisa: kwa kukata koni.

Koni zake zilikuwa za aina tatu, kulingana na pembe iliyo kwenye ncha: pembe kali, pembe mraba na pembe butu. Kila koni aliikata kwa bapa lililosimama mraba juu ya ubavu wake. Ile ya pembe kali ilitoa duaradufu, ya pembe mraba ikatoa parabola, na ya pembe butu ikatoa haipabola. Zaidi ya karne moja baadaye, Eratosthenes wa Cyrene, aliyesimamia maktaba ya Alexandria, alipoandika kuhusu fumbo la mchemraba alikuwa bado anazitaja koni hizo kwa jina la Menaechmus.

Baada yake wengine waliingia shambani. Euclid aliandika vitabu juu ya koni, vikapotea. Archimedes wa Syracuse, aliyeuawa mwaka 212 KK mji wake ulipotekwa na Warumi, alithibitisha jambo la kustaajabisha: ukikata kipande cha parabola kwa mstari mnyoofu, kisha ukachora ndani yake pembetatu yenye kitako hichohicho na kimo hichohicho, eneo la kipande ni theluthi nne za eneo la pembetatu. Hakuna makadirio hapo. Ni theluthi nne kamili. Huyu alikuwa mtu anayepima eneo lililozungukwa na mstari uliopinda, miaka 1,800 na zaidi kabla ya Newton na Leibniz.

Mtu wa Perga

Aliyeikusanya elimu yote hii na kuifanya jengo moja ni Apollonius. Alizaliwa Perga, mji uliokuwa kusini mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, akafanya kazi Alexandria mwishoni mwa karne ya 3 KK. Kitabu chake, Koni, kilikuwa na sehemu nane.

Dibaji ya sehemu ya kwanza ni barua kwa rafiki yake Eudemus wa Pergamon, na ndani yake tunamsikia mwandishi akizungumza kama mtu yeyote aliyebanwa na kazi. Anaeleza kwamba mwanajiometri mmoja, Naucrates, alikuja kukaa kwake Alexandria na kumsihi aiandike kazi hiyo. Naucrates alikuwa karibu kusafiri kwa meli, kwa hiyo Apollonius alimpa haraka haraka kila alichokuwa nacho bila kukipitia tena. Sasa, anasema, anatoa toleo lililosahihishwa, na Eudemus asishangae akikutana na nakala nyingine zisizofanana nalo. Sehemu ya pili aliipeleka kwa mkono wa mwanawe, ambaye naye aliitwa Apollonius.

Jambo kubwa alilolifanya ni kuonyesha kwamba koni tatu hazihitajiki. Moja inatosha, ya aina yoyote. Kinachobadilika ni mwinamo wa bapa linaloikata. Hili msomaji anaweza kujionea usiku huu akiwa na tochi inayotoa mwanga wa duara. Mwanga unaotoka ni koni, na ukuta ndio bapa. Elekeza tochi moja kwa moja ukutani: unapata duara. Iinamishe kidogo, na duara linarefuka kuwa duaradufu. Endelea kuinamisha polepole, duaradufu litazidi kurefuka mpaka utafika mahali ambapo ukingo mmoja wa mwanga unakwenda sambamba na ukuta na hauugusi tena. Hapo umbo limefunguka upande mmoja: hiyo ni parabola. Ukizidisha tena kidogo tu, mikono ya umbo inatanuka zaidi, nayo ni haipabola.

Parabola, basi, ni mpaka mwembamba kati ya maumbo mengine mawili. Mikato ya duaradufu haina idadi, na ya haipabola vilevile, lakini parabola inahitaji mwinamo mmoja tu usiozidi wala kupungua. Majina hayo matatu yalienea kwa kitabu cha Apollonius. Ndiye pia aliyeonyesha kwamba haipabola ina matawi mawili, kwa kuwa aliitazama koni yenye pande mbili, moja juu na nyingine chini, zinazokutana nchani.

Kuhusu manufaa ya kazi hiyo, msimamo wake ulikuwa wazi. Katika dibaji ya sehemu ya tano, inayoshughulikia mistari mifupi kupita yote kutoka nukta fulani hadi kwenye mkato, anasema mambo hayo yanastahili kusomwa kwa ajili yake yenyewe. Kwa karne nyingi maneno hayo ndiyo yaliyokuwa utetezi pekee wa sehemu kubwa ya kitabu chake.

Kitabu chapata nyumba Baghdad

Huko Alexandria kitabu kiliendelea kusomwa. Hypatia, mwanahisabati aliyeuawa na umati wa watu mwaka 415, anatajwa kuwa aliandika ufafanuzi wake, ingawa haukusalimika. Katika karne ya 6 Eutocius wa Ascalon alihariri sehemu nne za kwanza, na hizo ndizo pekee zilizobaki katika Kigiriki. Sehemu zilizofuata, ambazo ndimo Apollonius alimokwenda mbali kuliko waliomtangulia, zingekuwa zimepotea leo kama mkasa usingehamia Baghdad.

Katika karne ya 9 waliishi mjini humo ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na al-Hasan, wana wa Musa ibn Shakir, wanaojulikana kama Banu Musa. Walikua chini ya ulezi wa khalifa al-Ma'mun, na mali waliyoipata waliitumia kutafuta vitabu. Waliipata nakala ya Koni yenye sehemu saba, lakini ilikuwa imeharibika na kujaa makosa ya wanakili hata haikueleweka. Al-Hasan hakukata tamaa. Alianza na jambo jepesi zaidi, mkato wa silinda, akalichunguza duaradufu kwa njia hiyo ili apate mlango wa kuingilia. Alifariki kabla ya kumaliza. Ahmad alisafiri hadi Sham, na huko akapata toleo la Eutocius. Kwa msaada wake akarudi kuielewa ile nakala mbovu. Kisha Hilal al-Himsi akatafsiri sehemu nne za kwanza kwa Kiarabu, na Thabit ibn Qurra akatafsiri ya tano, ya sita na ya saba. Sehemu ya nane haikupatikana.

Baada ya hapo, elimu ya koni ilisitawi katika nchi za Kiislamu. Ibrahim ibn Sinan, mjukuu wa Thabit, aliandika juu ya namna ya kuchora mikato na juu ya saa za kivuli, mambo mawili yenye uhusiano wa karibu. Simika kijiti wima mahali pa wazi, Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Juni au Desemba, na uweke alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya nusu saa. Unganisha alama hizo jioni: umechora tawi la haipabola. Miali inayopita kwenye ncha ya kijiti kutwa nzima huunda koni, na ardhi ndiyo bapa. Ukifanya hivyo karibu na tarehe 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana, koni inalala kuwa bapa na alama zako zinapangika katika mstari mnyoofu.

Karibu mwaka 984 Ibn Sahl aliandika kuhusu vioo na lenzi za kuwashia moto kwa jua, zenye umbo la parabola, duaradufu na haipabola. Abu Sahl al-Quhi alieleza bikari maalumu, yenye mguu unaorefuka na kufupika, inayoweza kuchora mikato yote. Naye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Cairo na kupata riziki kwa kunakili vitabu, alijaribu kuitunga upya sehemu ya nane iliyopotea. Mwaka 1024 alinakili Koni kwa mkono wake mwenyewe, na nakala hiyo ingalipo Istanbul.

Umar Khayyam wa Nishapur, aliyezaliwa mwaka 1048, alizirejesha koni kwenye kazi iliyozianzisha, na akaipanua. Alitaka njia ya kufumbua kila aina ya mlinganyo wenye mchemraba wa kitu kisichojulikana. Tuseme mchemraba wa x ukijumlishwa na x mara nne ni 16. Khayyam angechora parabola ambayo mraba wa x ndani yake ni sawa na y mara mbili, na duara lenye kipenyo cha 4 linaloanzia kwenye ncha ya parabola. Mistari hiyo inakatana mahali ambapo x ni 2. Jaribu: 8 na 8 ni 16. Aliziainisha hesabu hizo moja baada ya nyingine, kila moja na mikato yake, na hakuna kabla yake aliyekuwa amefanya hivyo kwa ukamilifu.

Dakika nane za Mirihi

Ulaya ilizipokea sehemu nne za kwanza mwaka 1566, Federico Commandino alipozichapisha kwa Kilatini. Miaka 34 baadaye Johannes Kepler alifika Prague kumsaidia Tycho Brahe, mtazamaji wa nyota aliyekuwa na vipimo bora kuliko vyote vya zama zake. Alipewa sayari iliyowashinda wengine: Mirihi. Tycho alifariki mwaka 1601, na kazi ikabaki mikononi mwa Kepler.

Kwa miaka elfu mbili kila mtu alikuwa ameshika kwamba mwendo wa mbinguni ni wa duara, au wa maduara yaliyopandana. Kepler alijaribu hivyo kwa hesabu ndefu na kupata njia iliyokaribia kabisa, isipokuwa mahali pengine ilitofautiana na vipimo vya Tycho kwa dakika 8 za pembe. Hiyo ni kama robo ya upana wa Mwezi mpevu unavyoonekana angani. Mtu mwingine angesema vipimo vina kasoro. Kepler aliziamini kazi za mikono ya Tycho, akaivunja hesabu yake yote na kuanza upya.

Alijaribu umbo la yai. Mwaka 1603 alimwandikia mwanafalaki David Fabricius kwamba laiti umbo hilo lingekuwa duaradufu kamili, majibu yangekuwa tayari kwa Archimedes na Apollonius. Ilimchukua muda zaidi kukubali kwamba ndivyo lilivyo. Ugumu wake tunaweza kuupima. Ukiichora njia ya Mirihi karatasini kwa urefu wa sentimita 100, upana wake utakuwa sentimita 99.56, jicho halitaona tofauti na duara. Lakini Jua halipo katikati. Lipo kwenye fokasi, mojawapo ya nukta mbili za ndani ambazo Apollonius alizichunguza katika sehemu ya tatu, na katika mchoro huo ipo sentimita 4.7 kutoka katikati. Kepler alilazimika kuinasa nusu sentimita ile inayojificha, kwa vipimo vilivyochukuliwa bila darubini. Mwaka 1609 alichapisha matokeo katika Astronomia Nova: Mirihi huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu.

Mwaka 1638 ikaja zamu ya parabola. Galileo, akiwa kifungoni nyumbani kwake Arcetri, alichapisha huko Leiden kitabu kilichoonyesha kwamba kitu kilichorushwa, ukiacha upinzani wa hewa, hufuata parabola. Mwaka mmoja kabla yake, Descartes alikuwa amechapisha jiometri iliyogeuza mikato yote kuwa milinganyo ya x na y isiyozidi daraja la pili. Blaise Pascal, akiwa na umri wa miaka 16, aligundua kanuni inayohusu pembesita yoyote iliyochorwa ndani ya mkato wowote wa koni.

Halley, mwenye kazi mbili

Agosti 1684 Edmond Halley alimtembelea Isaac Newton mjini Cambridge, akamwuliza: nguvu ya Jua ikipungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, sayari itafuata njia gani? Newton alijibu papo hapo kwamba ni duaradufu, kwa kuwa alishapiga hesabu hiyo, ila karatasi haikuonekana. Halley alimhimiza aiandike tena, na mwaka 1687 kikatoka kitabu chake kikuu, Principia, kwa gharama za Halley mwenyewe. Humo Newton anaonyesha kwamba nguvu hiyo huzaa mikato yote ya koni. Chombo kinachokwenda kwa kasi ndogo hufungwa katika duaradufu. Kikifikia kasi fulani hasa hufuata parabola. Kikiizidi hiyo hufuata haipabola na hakirudi kamwe. Ni ile tochi na ukuta wake, isipokuwa sasa kasi ndiyo inayoinamisha bapa.

Halley akazitumia kanuni hizo kwa nyotamkia. Alihesabu njia za nyotamkia 24 akizichukulia kuwa parabola, akaona kwamba zile za 1531, 1607 na 1682 zilipita karibu njia moja. Alihitimisha mwaka 1705 kwamba ni nyotamkia moja iliyo katika duaradufu refu sana, na kwamba itarudi mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742. Nyotamkia ikaonekana usiku wa Krismasi mwaka 1758.

Watu wengi wanamjua Halley kwa hilo tu. Miaka hiyohiyo, akiwa profesa wa jiometri Oxford, alikuwa na kazi ya pili. Alijifunza Kiarabu ukubwani ili aweze kumsoma Apollonius, na mwaka 1710 akachapisha toleo kubwa la Koni: sehemu nne kutoka Kigiriki, tatu kutoka tafsiri ya Thabit ibn Qurra, na ya nane kwa kuitunga upya mwenyewe, kama Ibn al-Haytham alivyojaribu kabla yake. Mtu aliyekuwa ameshika hesabu mpya kuliko zote za zama zake hakuona kitabu cha miaka 1,900 kuwa kimepitwa. Alikuwa amekiona kikifanya kazi angani.

Mpaka leo

Tangu hapo mikato ya koni haijatoka kazini. Dishi lililo juu ya paa la nyumba lina umbo la parabola, kwa sababu mawimbi yanayofika sambamba kutoka kwenye setilaiti hukusanywa na umbo hilo kwenye fokasi moja, palipofungwa kipokezi. Setilaiti zenyewe hukimbia katika duara au duaradufu. Mojawapo ina jina la Kiswahili: Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake. Na mwaka 2017 wanafalaki waliona kitu kinachokatiza mfumo wetu wa Jua kwa njia ya haipabola. Umbo la njia hiyo liliwatosha kujua kwamba kimetoka nje ya mfumo huo na hakitarudi. Wakakiita ʻOumuamua.

Sehemu ya nane ya Apollonius bado haijapatikana. Lakini kuna sababu ya kutoifunga hesabu yake. Diocles, aliyeishi wakati mmoja na Apollonius, aliandika kitabu juu ya vioo vya kuwashia moto ambacho kwa Kigiriki vimebaki vipande tu. Tafsiri yake ya Kiarabu ilitambuliwa katika maktaba ya Mashhad, Iran, na kuchapishwa mwaka 1976. Ndani yake umo uthibitisho wa kale wa jambo lilelile linalofanya dishi likamate mawimbi.

Mwanafunzi anayekutana na duaradufu, parabola na haipabola darasani kama milinganyo mitatu ya kukariri amenyimwa nusu ya somo. Afundishwe kwamba ni mkato mmoja unaobadili mwinamo, na aambiwe majina ya waliouleta hadi kwake: Naucrates aliyeomba kitabu, al-Hasan aliyekufa kabla hajakielewa, Ahmad aliyekifuata Sham, Thabit aliyekitafsiri, Ibn al-Haytham aliyekinakili. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba Mirihi inakwenda kwa njia ya duaradufu. Walijua tu kwamba elimu hiyo ni ya kweli na ni nzuri, na hiyo ikawatosha kuitumikia. Nchi yoyote inayotaka kuwa na sayansi yake lazima iwape nafasi na riziki watu wa namna hiyo, kwa maana kazi ya elimu haijulikani siku inapoandikwa, na ikipotea kabla ya siku yake hakuna atakayejua kilichokosekana.